Kobe Anatafuta Matairi

Mjomba wangu ni fundi wa mizani. Hatengenezi kitu kingine. Mizani ya bucha inayodanganya, ya duka la nafaka iliyokwama, ile ndogo ya duka la dawa ya kupimia unga wa vidonge, zote humfikia katika chumba chake kimoja nyuma ya soko. Mle ndani mna meza ndefu, taa ya kuning'inia na sanduku la mawe ya chuma aliyoyapanga kuanzia kubwa hadi lile dogo kama punje ya dengu. Watu wa soko wanamwita Mizani, na jina limemkaa hata mkewe humwita hivyo mbele ya wageni. Mama yangu, ambaye ni dada yake na ndiye aliyemlea, hakuwahi kumwita hivyo. Yeye alimwita Kobe.

Lilianza utotoni, kwa sababu ya viatu. Alikuwa akifunga kamba, anaifungua, anaifunga tena mpaka masikio mawili ya fundo yalingane, na huku kengele ya shule imeshalia. Wazazi wao walikufa mapema. Mama, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu, alikuwa akimngojea mlangoni na begi lake mkononi. "Kobe, twende," alikuwa akimwambia. "Utamalizia njiani." Kobe hakumalizia njiani. Alimalizia palepale, na wote wawili wakaadhibiwa kwa kuchelewa.

Ukubwani hakubadilika. Alichagua mlango wa nyumba yake kwa muda mrefu mno, hata mkewe akatundika shuka, na watoto wa jirani wakazoea kuingia na kutoka bila hodi, maana shuka haligongwi. Lakini mlango ulipokuja ulikuwa mlango kweli. Mpaka leo haulii, haukwami wakati wa mvua, na ukiusukuma kwa kidole unafunga wenyewe. Nadhani hilo ndilo lililomharibu. Kila alipochelewa, alipata kitu kizuri, kwa hiyo hakuona sababu ya kuwahi. Mkaza mjomba husema hata posa yake ilisumbua. "Nilimwambia, wewe endelea kupima tu. Ukimaliza utakuta mzigo umeshabebwa." Kesho yake mjomba alikwenda kwa baba mkwe akiwa amevaa soksi za rangi mbili tofauti. Hiyo ndiyo haraka pekee anayojulikana nayo. Hiyo na gari.

Gari alilinunua siku moja tu, asubuhi hajalijua, jioni analo. Lilikuwa la daktari wa meno aliyekuwa akihama: jekundu, la chini, pua ndefu, injini inayonguruma kabla hujaigusa. Mtu mpole, mtembea kwa miguu, mwenye suruali zilizopigwa pasi hadi mfukoni, akatokea na gari la namna ile. Majirani walicheka, wakaliita Bibi Harusi, kwa jinsi alivyolifunika kitambaa cheupe kila jioni. Yeye hakujali. Aliniambia kwamba alipokaa kwenye usukani mara ya kwanza, alihisi kama mtu aliyeambiwa habari njema ambayo hakuwahi kuiomba.

Mama alizipata habari za gari kwa simu. Sisi tulikuwa tunakaa milimani, ambako Mama aliolewa na ambako alikuwa fundi cherehani. Barabara ya kutoka kwao hadi kwetu inaanzia tambarare, kwenye joto la kulainisha lami. Ikifika nusu inaanza kupanda na kujipinda, na huku juu ni ukungu, mvua nyembamba na baridi inayowafanya madereva watafute makoti. Mama alifurahi. "Na mimi utanipandisha, Kobe. Nikae mbele, nishushe kioo, wateja wangu wanione." Mjomba akaahidi.

Safari ya kwanza ya gari hilo kuja kwetu haikuwa ya kumpandisha Mama. Ilikuwa ya mazishi ya baba yangu. Mjomba aliondoka na mkewe alfajiri. Gari lilikuwa bado limevaa matairi aliyoyaacha daktari wa meno: mapana, laini, ya mashindano, yanayoshika lami yenye joto kama yamegundishwa. Hakuna aliyejua kwamba mpira wa namna ile ukifika kwenye baridi unakuwa mgumu kama sahani ya plastiki. Kwenye kona za juu mvua ikaanza. Gari likazunguka, likatazama lilikotoka, likajibamiza kwenye ukingo wa udongo. Mkaza mjomba alivunjika mfupa wa bega. Mwenye lori mmoja aliwashusha hadi hospitali ya chini, na sisi tukamzika baba bila wao.

Mama hakumlaumu. Aliposikia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Wote wazima?" Lakini mjomba alijilaumu mwenyewe. Dada yake alifiwa na mume, na yeye, ndugu yake wa pekee, hakuwepo hata kumshika mkono. Tangu siku hiyo akawa mtu wa simu. Kila Jumapili alipiga, wakacheka, wakakumbushana mambo ya zamani, na mwisho Mama akauliza, "Unakuja lini?" Naye akajibu, "Karibuni, Dada." Ile karibuni ikawa ndefu. Watoto wa jirani yetu waliingia shule na kumaliza.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kumsaidia Mama kushona, kwa hiyo ndimi niliyeanza kuona. Mwanzoni ilikuwa ya kuchekesha. Nilikuta pasi kwenye kapu la vitunguu. Mteja mmoja alikuja kujaribu gauni, kumbe mkono mmoja umeshonewa shingoni, na Mama alicheka kuliko sisi. Kisha ikaacha kuchekesha. Siku moja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama mama yangu anajua niko wapi.

Daktari wa zahanati alitukalisha, akampa Mama maswali, akamsikiliza kwa utaratibu. Baadaye aliniita kando. Alisema ugonjwa huu ni wa ubongo na haurudi nyuma. Unaweza kwenda polepole, unaweza kushuka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. "Kama kuna watu ungependa awaone wakati bado anawajua," aliniambia, "waite sasa."

Nilimpigia mjomba palepale, nimesimama kwenye kibaraza cha zahanati. Nilimwambia yote. Nilisikia mizani ikigonga mahali fulani nyuma yake.

"Nakuja, mpwa wangu," alisema. "Nabadilisha matairi tu."

"Panda basi, mjomba."

"Basi la watu, sijui limevaa nini." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nilimwahidi kumpandisha. Nije na gari, nije vizuri."

Sikuona ubaya. Kwa mtu aliyeteleza kwenye kona zile mkewe akiwa pembeni, kutaka matairi mazuri ni akili.

Mambo ya duka la matairi alinisimulia mwenyewe baadaye, na alichokiacha yeye, mkaza mjomba alikijaza. Duka liko karibu na kituo cha mafuta. Mwenye duka ni mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye matairi amerithi kwa mumewe na kuyajua kuliko mumewe. Wote wanamwita Mama Raba. Mjomba alimweleza shida yake. Tairi la teksi litabeba gari lake lakini halitamudu kasi yake. La mashindano litamudu kasi lakini baridi italiua, na yeye alikuwa na bega la mkewe la kuthibitisha. Alitaka tairi la misimu yote lililotengenezewa gari lenye nguvu, liweze joto la chini na maji ya juu, siku ileile.

Mama Raba alimtolea aina mbili, akaziegemeza ukutani.

"Hili mpira wake ni laini. Kwenye maji linashika sana, ila litaisha mapema. Hili ni gumu kidogo, litadumu, halina kelele, na kwenye maji si baya. Nisikudanganye, baba. Tairi la misimu yote ni kama mtu wa watu: harusini yumo, msibani yumo, lakini kote huko si yeye mwenye shughuli. Ukitaka tairi linaloshinda yote kwa kila kitu, halijatengenezwa."

"Lipi litanifikisha?"

"Lolote. Endesha kwa adabu, yote mawili yatakufikisha."

Mtu mwingine angefungua pochi. Mjomba alichutama. Alisoma maandishi yote ya ubavuni: herufi ya kasi, namba ya uzito, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Alipitisha ukucha kwenye mifereji ya kutolea maji. Aliuliza kama anaweza kwenda kufikiria, na Mama Raba akamwambia kufikiria ni bure.

Akaanza kuuliza watu. Dereva wa gari la wagonjwa alimwambia achukue laini, maana breki ndiyo roho. Madereva wa teksi walimwambia achukue gumu, maana laini ni mali ya matajiri, kisha wakabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka abiria wakawakimbia. Fundi mmoja aliyewahi kutengeneza magari ya mashindano akamwambia yote mawili ni takataka, asubiri aina ya tatu ambayo itafika na shehena mpya. Mjomba akarudi kwa Mama Raba kuulizia shehena.

"Itakuja," Mama Raba alimwambia. "Lakini mgonjwa wako je?"

Maana alikuwa ameshamwambia habari za Mama. Alimwambia kila mtu.

Huku kwetu, Mama naye alikuwa akiwaambia watu. Siku zake nzuri bado zilikuwa nyingi, na katika siku hizo habari yake kuu ilikuwa hiyo. Mteja akiingia kuchukua sketi, Mama anamwambia, "Mdogo wangu anakuja. Yuko kwenye kutafuta matairi." Akapata kitambaa cha mistari myembamba ya buluu, akamkatia shati. Vipimo vya mjomba alivijua kwa kichwa, na mkono wake ulikumbuka hata pale kichwa kilipoanza kusahau.

Mjomba alipopiga Jumapili, nilimpa Mama simu, nikakaa karibu.

"Kobe, umepata matairi?"

Sikusikia jibu, lakini najua lilikuwa bado kidogo.

"Basi chagua vizuri," Mama alisema. "Usifanye haraka kwa ajili yangu. Mimi nipo. Sitaki tena habari za kuteleza."

Mjomba aliniambia kwamba maneno yale aliyapokea kama mtu anayepewa likizo. Siku ile alilala vizuri. Sasa akiyakumbuka, anasema, ni afadhali angetukanwa.

Shehena ilifika. Aina ya tatu ilikuwepo kweli, lakini mjomba alipoyakagua akakuta tairi moja limetengenezwa mwaka wa nyuma kuliko wenzake. Mama Raba akamweleza kuwa halina tatizo, limekaa kivulini, halijapata jua. Mjomba akasema matairi manne ya gari moja lazima yawe ndugu. Akaomba liagizwe lingine.

Hapo ndipo mkaza mjomba alipoongea. Alikuwa amevumilia, maana bega lake mwenyewe lilikuwa hoja ya mumewe, na kila mazungumzo yalipoanza, mume alilitazama lile bega. Siku hiyo aliweka sahani mezani, hakukaa.

"Bega langu limepona, Mizani. Usilitumie tena. Mchagua jembe si mkulima. Kama unaogopa kwenda kwa dada yako, sema unaogopa."

"Naogopa barabara."

"Barabara huiogopi. Ungeiogopa ungepanda basi na kufumba macho."

Mjomba alitoka, akakaa ndani ya gari lililofunikwa kitambaa, kama mtu ndani ya chandarua. Alikaa mle mpaka chakula kikapoa. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Mama Raba, akachukua yale laini. Yale ya kwanza kabisa, yaliyokuwa yameegemea ukutani tangu siku ile. Vijana wa duka wakainua gari, wakafungua rimu, wakavisha, wakajaza upepo, wakasawazisha magurudumu. Ilikuwa kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai.

Wakati mjomba anakunywa chai hiyo, Mama alikuwa ameshakosa ngazi ile aliyoisema daktari. Alipata homa, akalala kitandani wiki nzima. Homa ilipoondoka iliondoka na vitu vingi. Njia ya chooni aliijua. Cherehani aliijua. Mimi alinijua kwa vipindi, kama redio inayopata na kupoteza stesheni. Nilimwambia mjomba kwenye simu kwamba hali si ile. Akasema yuko njiani, na safari hii ilikuwa kweli.

Mkaza mjomba alikubali kupanda. Anasema tambarare yote walikwenda bila maneno. Kwenye kupanda, mvua ikaanza, ileile nyembamba, na akashika mlango kwa mikono miwili. Gari halikutikisika. Kona baada ya kona lilishika lami kama kupe, na mjomba akaanza kulegea mabega. Walipopita ukingo ule wa udongo alipunguza mwendo, akautazama, akapita. Baada ya hapo akaanza kuimba. Mkaza mjomba hakumbuki kama amewahi kumsikia akiimba tena tangu hapo. Mjomba mwenyewe ananiambia hicho ndicho kinachomuuma kuliko vingine: kwamba mle njiani alikuwa na furaha. Alikuwa akijiambia, unaona, nilikuwa sahihi kungoja.

Walifika mchana. Niliwasikia wakisimama, nikatoka. Mjomba alikuwa amevaa koti, amenyoa, ameshika mfuko wa matunda. Alikuwa amezeeka kuliko picha niliyokuwa nayo kichwani. Nilitaka kumwandaa, nimwambie maneno mawili nje pale, lakini alikuwa ameshanipita. Mtu aliyechelewa miaka yote hakutaka kuchelewa pale kwenye ngazi.

Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani yake karibu na dirisha. Aliinua uso, akatabasamu lile tabasamu lake la dukani.

"Karibu, baba. Umeleta kitambaa?"

Mjomba alisimama. "Dada. Ni mimi."

"Karibu, karibu. Mwanangu, mpe mgeni kiti."

Nilileta kiti. Hakukaa. Alichuchumaa mbele ya cherehani ili nyuso zao zilingane, kama alivyokuwa akichutama mbele ya matairi.

"Dada, ni Kobe."

Uso wa Mama uling'aa, na kwa dakika moja mimi mwenyewe nilidhani imewezekana.

"Unamfahamu Kobe?" alimuuliza. "Ni mdogo wangu. Anakuja. Yuko kwenye kutafuta matairi." Akamsogelea kidogo, kama anayemsema mtu kwa upendo. "Ni mtu wa kupimapima yule. Lakini akisema anakuja, anakuja. Ukikutana naye huko njiani, mwambie asikimbize gari. Mimi nipo."

Mjomba alimtazama. Mkaza mjomba alikuwa mlangoni, mkono juu ya mdomo.

"Nitamwambia," mjomba alisema.

Alikaa mchana wote kama mteja. Mama alimwonyesha kazi zake, zile zilizonyooka na zile zilizopinda, akamweleza yote kwa ufasaha. Shati la mistari ya buluu lilikuwa limetundikwa ukutani, limekwisha, limebaki vifungo. Mjomba aliuliza kama anaweza kulijaribu. Nadhani alifikiri akilivaa kitu kitaamka. Mama alilishika haraka, akalikunja mapajani.

"Hili lina mwenyewe," alisema. Hakuwa mkali, lakini hakulitoa.

Kesho yake mvua ilikatika, na mjomba akatimiza ahadi. Tulimvisha Mama koti, tukamketisha mbele. Alishusha kioo. Tulizunguka mji mzima mdogo, tukapita shuleni, sokoni, mbele ya maduka ambayo wateja wake walisimama na kumpungia. Aliwapungia wote. Alifurahi, siwezi kusema hakufurahi. "Dereva," alimwambia mjomba, "gari lako linatembea kama halipo. Mdogo wangu naye analo. Siku moja atanipandisha."

Mjomba aliendesha. Nilikuwa nyuma yake, nikaona shingo yake tu.

Baada ya hapo hakuacha kuja. Gari likiwa bovu alipanda basi, la yeyote, limevaa chochote. Alifunga chumba chake cha mizani siku ambazo wenye bucha walimhitaji, wakanung'unika, wakamzoea. Mama alimkubali kama Dereva. Alimpenda Dereva. Alimwambia siri za wateja, akamgombeza kwa kukonda, na mara nyingi akamsimulia habari za Kobe: viatu vyake, kengele ya shule, ubishi wake. Mjomba alisikiliza habari zake mwenyewe kama mtu anayesikiliza habari za marehemu aliyekuwa na bahati. Nilipomwambia aache kujitesa, alisema hateseki. "Bado ananingoja," alisema. "Anayekungoja, bado unaye."

Ndiyo maana iliyofuata ilimvunja. Kuna siku alikuja, wakakaa dirishani, na Mama hakusema lolote juu ya Kobe. Mjomba alingoja. Mwishowe akamuuliza mwenyewe, "Mdogo wako vipi, atakuja lini?" Mama alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua.

"Mdogo wangu yupi, baba?"

Mjomba alitoka nje, akaenda hadi nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji. Nilimfuata. Alikuwa ameshika ukingo wa pipa, analia bila sauti, kama wanavyolia wanaume wazee ambao hawana mazoezi.

Tulikaa kwenye benchi la nyuma mpaka akatulia. Hapo ndipo aliponieleza mengi ya haya niliyoyaandika. Alisema yale matairi ya kwanza yangemfikisha siku ile ile ya kwanza. Hata ya teksi yangemfikisha, kwa mwendo wa teksi. "Mke wangu alisema kweli. Sikuogopa barabara. Niliuogopa uso wake. Nilimwacha peke yake kwenye kaburi la mumewe, sikujua nitaingiaje mlangoni. Matairi yalikuwa na maana, mpwa wangu, usidhani hayakuwa na maana. Ndiyo ubaya wake. Kisingizio kisicho na maana mtu hukiona. Chenye maana unaweza kuishi ndani yake kama nyumba."

Ndani tulisikia cherehani ikizunguka, tupu, bila uzi. Siku hizo Mama alipenda tu kukanyaga.

Mama bado yuko hai. Haongei sana sasa, na cherehani tumeifunika. Mjomba huja, humkatia matunda vipande vidogo vinavyolingana, humlisha kwa subira ambayo mimi binti yake sina. Mama Raba amemwambia matairi yameanza kuisha na anahitaji mengine. Mjomba alimjibu avishe yoyote yaliyopo dukani.

Wiki iliyopita, akiwa anajiandaa kuondoka, aliniuliza jambo ambalo naona lilikuwa limemkaa muda mrefu. Aliuliza kama katika zile wiki za kungoja, nyuma ya simu, pale asiposikia yeye, Mama aliwahi kumkasirikia. Hata mara moja. Hata neno.

Nilifikiri nimdanganye, niseme aliwahi, kisha nikaona amedanganywa vya kutosha, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akijidanganya.

"Hapana, mjomba. Hakuwahi."

Aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Nilijua," alisema. Akaomba kitambaa, akaenda kufuta kioo cha mbele, maana ukungu ulikuwa umeanza kushuka na alitaka kupita zile kona kungali na mwanga.